Mpokezi wa Blandina Haule

Asubuhi ya mahafali, Tusajigwe Mwakalukwa alikuwa amekaa kwenye kimbweta nyuma ya Kitivo cha Kilimo, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akikitazama kile cha mkononi kama mtu anayetazama mlima. Kukivaa kulihitaji kuinama. Kuinama kulihitaji kuinuka tena. Akaona bora akiweke juu ya meza ya saruji kwanza, wapumzike wote wawili.

Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, na nyavu za kukamatia maji juu ya mabweni zilidondosha matone kwenye mabati. Wahitimu walipita vikundi vikundi, wanacheka, wanakanyagana mikia ya majoho, mama zao wakiwafuata nyuma na vitenge vipya. Hakuna aliyemsalimia. Si kwa ubaya. Mpokezi akiwa amekaa mahali, watu wa Chuo cha Matamba walishazoea kumpita kama wanavyolipita tangi la maji: lipo, lina kazi yake, basi.

Usiku alikuwa amelala vizuri. Miaka yote alikuwa analala vizuri. Hilo ndilo lililomliza mwaka wa kwanza, kabla kulia nako hakujawa kazi: unalala fofofo mpaka jua linaingia dirishani, halafu unaamka umechoka kuliko ulivyolala, mifupa mizito, macho yana mchanga, na uchovu wenyewe unauona kabisa kwamba si wako. Uchovu wako unaujua ulikoupatia: huu wa ngazi, huu wa kuni, huu wa kulia jana. Wa Tusa ulikuwa na harufu ya maabara. Ulikuwa uchovu wa kusoma vitabu ambavyo hajawahi kuvifungua.

"We bibi harusi, kiatu kinavaliwa mguuni, si mezani."

Alikuwa Oskari Tweve, anakuja akiburuta miguu, kamera yake yenye mabawa ikimzunguka kichwani kama nzi wa embe. Mwaka wa kwanza walikuwa watatu kwenye kimbweta hiki hiki, yeye na Tusa na Blandina Haule, wakisoma mpaka askari wa chuo anawafukuza. Halafu Oska akadisko, yaani akafeli mpaka akafungashiwa virago, na sasa kila mahafali alirudi kuwapiga picha waliobaki.

"Shikamoo mpiga picha."

"Marahaba, mjukuu. Lete huo mguu."

Akapiga goti, akamvisha kiatu, akafunga kamba. Alipotaka kuinuka hakuinuka. Akageuka tu, akakaa kwenye nyasi mbichi, mgongo kwenye saruji. "Ngoja kidogo. Mwili umegoma."

Wakacheka wote wawili, kicheko kifupi, cha watu wasiotaka kukimaliza.

"Leo wanakufunga kiganja," Oska akasema.

"Wananifunga. Nasimama ngazi ya chini, nampa Blandina mkono, Mkuu wa Chuo anabonyeza kitufe, napewa cheti cha shukrani na soda. Halafu naenda nyumbani kulala mpaka niishe."

"Mpaka uchovu uishe, unataka kusema."

"Si wanakata? Hautaingia mwingine. Uliomo utakwisha taratibu."

Kamera ikashuka, ikatua begani kwa Oska, ikakunja mabawa. "Mimi walinifunga ofisini," akasema mwishowe, "siku ile ile niliyodisko. Hata soda sikuonja. Tangu siku hiyo halijaingia hata tone jipya. Niangalie, Tusa. Umekwisha?"

Tusa akamwangalia. Akaona kope nzito, shavu lililolegea, kijana mwenye shingo ya mzee. Akaona kwamba alikuwa ameona hivyo muda wote ila hakuwa na nguvu ya kuelewa.

* * *

Akili ikifanya kazi huacha majivu. Ndivyo wataalamu walivyoeleza siku walipouleta Upokezi, na kwa hilo hawakudanganya. Majivu ya kila mtu yana alama yake, kama nyayo, na usingizi wa mtu hufagia majivu ya mwenyewe tu. Kidonge kidogo kinapandikizwa chini ya ngozi ya kiganja. Kinaisoma ile alama, kinaihamishia kwa mwenye kidonge pacha, popote alipo. Wa kwanza ubongo wake unaamini haukufanya kazi. Wa pili ubongo wake unaamini umefanya kazi ya wawili. Majivu yanahama. Ufagio hauhami.

Ulitengenezwa kwa ajili ya madaktari wa zamu na marubani, wapokezane kwa saa chache kisha kila mtu arudishiwe wake akalale. Vyuo ndivyo vilivyosahau sehemu ya kurudishiana. Zamani mwanafunzi bora alipigiwa makofi, akapewa kamusi, akaenda zake. Kamusi ikaonekana haitoshi. Chuo hiki kikataka mwanafunzi bora kuliko wa chuo kile, kile kikataka asiyelala, na hivi hivi tukafika mahali ambapo hakuna anayepata Nishani ya Heshima bila mtu nyuma yake anayesinzia kwa niaba yake. Na bila Nishani hupewi kitalu, hupewi maabara, hupewi hata ufunguo wa stoo. Waliotunga kanuni hizo hawajawahi kubeba ndoo ya maji.

Wala hawakumlazimisha mtu. Hawakuwa na haja. Waliwajua watu waliokuwa nao. Ukilelewa kwenye milima ile, mtu akitokea njiani na mzigo huulizi ni wa nini wala unakwenda wapi. Unakimbia, unanyoosha mikono, unaupokea. Mtoto anayekaa tu wakati mgeni anakuja na kikapu kichwani huyo hajafunzwa, na mama yake ataambiwa. Kwa hiyo siku Blandina alipotoka kwenye kitalu cha vioo akiyumba, uso umemsawajika, kichwa kimejaa viazi, Tusa alifanya alichofundishwa kabla hajajua kusoma. "Lete nikupokee," alisema. Oska naye akasema haiwezekani mwanamke abebe peke yake, watapokezana. Wakaenda zahanati wakicheka, wakatoka na plasta viganjani.

Ila mzigo wa kikapu mbele yake kuna mlango wa nyumba. Mnafika, mnautua, mnapewa maji. Huu walioupokea, hakuna hata mmoja aliyeuliza unatuliwa wapi. Kuuliza kungekuwa ukosefu wa adabu.

* * *

"Uchovu unarudi kwa mwenyewe," Oska alisema pale kwenye kimbweta. "Nilikuwa najiuliza nikwambie au nikuache. Kabla hujafungwa, unarudi. Kiganja kwa kiganja, unashikilia, huachii mpaka panapata joto. Basi. Umemaliza."

"Nani kakwambia?"

"Nimeona. Mahafali yangu ya kwanza na kamera. Mpokezi mmoja wa Uhandisi, kijana mwembamba hivi, alimshika mteule wake, yule aliyekuwa akimpokelea, mkono pale jukwaani hakumwachia. Jamaa akaanguka kama gunia. Chuo kikasema amezimia kwa furaha. Mwaka uliofuata wateule wakaanza kuvaa glavu nyeupe, tukaambiwa ni heshima."

"Na aliyeanguka?"

"Alilala masika, kiangazi, masika tena. Akaamka ana njaa. Anauza vipuri Makambako, ana watoto." Oska akakwangua tope kwenye soli yake. "Lakini yule alikuwa na mpokezi wa mwaka mmoja. Blandina wewe umembeba miaka yote, na Blandina hana breki. Huyo atalala, Tusa. Tena Nishani hapewi mtu aliyelala. Kitalu chake watakifagia kabla ya mvua za kwanza."

Hapo ndipo lilipokuwa jiwe. Kila mtu katika kata za juu alijua kilichokuwa ndani ya kile kitalu. Uozo mweusi ulikuwa umeingia kwenye viazi misimu mingi sasa. Unachimba shina, unatoa uji unaonuka. Baba yake Tusa aliacha kulima, akawa anakaa mlangoni na jembe safi. Blandina alikuwa amepata mche ambao uozo unaupita. Bado kidogo tu, alisema, vizazi vichache vya kuuimarisha. Na alisema kweli. Blandina hakuwa mwongo.

"Kwa nini kiazi kiote mpaka mtu avishwe nishani?" Oska aliuliza, akiuuliza ukungu.

Tusa alikuwa ameshika ukingo wa meza, anajiandaa kusimama.

* * *

Daktari Mwinuka, Mshauri wa Wanafunzi, alikuwa ukumbini akimfanyisha Tusa mazoezi ya kusimama. Ukutani walipangwa wateule wote tangu zamani, picha kubwa, macho yanang'aa. Wapokezi wao hawakuwa na ukuta.

"Hapa, binti yangu. Ngazi ya chini, mguu wa kulia mbele. Akija unampa mkono, unatabasamu. Unaweza kutabasamu?"

"Nitajaribu, Daktari."

"Vizuri sana. Jambo dogo tu, halichukui muda." Mwinuka alikuwa mzee wa umri lakini hakuwahi kupiga mwayo mbele ya mtu. Alitembea jukwaani kama kijana anayekwenda mpirani, Nishani yake ya zamani ikimrukaruka kifuani.

"Daktari, nikiomba nirudishe kabla ya kufungwa?"

Akasimama. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu.

"Nani amekusumbua na maneno hayo siku kama ya leo? Keti, keti kidogo." Hakukuwa na kiti. "Tusajigwe, wewe ni msomi. Umeona mashamba yalivyo. Kuna watu huzaliwa na kipaji, na kuna watu huzaliwa na moyo. Blandina ana kipaji. Moyo ni wewe. Taifa linahitaji vyote viwili."

"Mimi niliingia hapa na alama nzuri kuliko zake."

"Najua."

"Nina sapu, mitihani ya kurudia, ya masomo manne kwa sababu nasinzia kwenye mtihani."

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana tunatoa cheti." Akamwekea mkono begani, mwepesi, wenye joto. "Hata mimi nilikuwa na mpokezi. Mtu wa dhahabu. Bila yeye nisingekuwa hapa."

"Yuko wapi?"

"Yupo. Yeye na wenzake wako vizuri kule, kuna nyumba maalumu, kuna masista wanawahudumia. Kila Krismasi tunawapelekea keki."

"Anaitwa nani?"

Mwinuka akafungua mdomo. Akatazama juu, kwenye picha, kama vile jina lingekuwa limeandikwa huko. "Angetile," akasema. "Angetile... wa kule Bulongwa. Jina la baba limenitoka kidogo." Na akacheka, kicheko safi, kisicho na tone la uchovu ndani yake, akaenda kupanga viti vya wageni.

* * *

Chumba cha kuvalia hakikuwa na kiti hata kimoja, kwa sababu Blandina Haule hakuwa anakaa. Alikula amesimama, aliandika amesimama, alisali amesimama. Sasa alikuwa mbele ya kioo na joho jekundu, glavu nyeupe zimeshavaliwa, anaongea kabla mlango haujafunguka vizuri.

"Tusa! Njoo, njoo uone, ah, sina picha hapa, lakini sikia. Mstari wa mwisho nimeuweka kwenye udongo mchafu kabisa, ule wa shambani kwenu, na haujanyauka. Haujanyauka! Nikipata maabara kubwa mwezi huu, mwakani tunagawa. Mbona umenuna? Hukulala? Si nilikwambia ulale mapema?"

Tusa akajiegemeza ukutani, akateleza taratibu mpaka sakafuni. Hakuwa na nia ya kukaa sakafuni. Ilitokea tu.

"Blandi, unakumbuka kuchoka kukoje?"

Blandina akafikiri. Alifikiri kwa kweli, kama alivyofikiri kila kitu, kichwa kimeinama upande. "Nakumbuka," akasema. "Ni kama... njaa hivi? Lakini ya miguu?"

Tusa alitaka kucheka. Kikatoka kitu kingine. Akainua mkono wake wa kulia, kiganja juu, kwenye mwanga wa dirisha. Kovu la kidonge lilikuwa dogo kama punje ya ulezi.

"Vua glavu."

Na Blandina, ambaye hajawahi kumnyima mtu mkono, mtoto wa kijijini aliyesalimia mpaka wafagiaji kwa mikono miwili, alirudisha mikono yake nyuma ya joho.

Nje bendi ya chuo ilikuwa inajaribu matarumbeta.

"Ulijua," Tusa akasema.

"Nilisoma mwaka wa pili."

"Ukanyamaza."

"Ningekwambia ungefanyaje? Ungerudisha! Kila mtu angerudisha! Ningelala, na wale wangekuja na fagio." Sauti yake ilipanda. "Baba yako analima nini sasa hivi, Tusa? Niambie. Analima nini?"

"Halimi. Ananunua unga dukani."

"Haya."

"Haya nini?"

"Mimi ni mmoja. Wewe ni mmoja. Wao ni kata nzima nzima, wanakula ugali mkavu. Sisemi haiumi..."

"Hujui kama inauma. Umesema ni kama njaa."

Blandina akageukia kioo.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja tu," Tusa akasema, kwa sauti ya chini kwa sababu ya juu ilikuwa mbali. "Hiyo hesabu yenu nimeifuata. Naielewa. Yako, ya Mwinuka, ya wote. Mbona kila mkiipiga anayetolewa ni mimi? Mbona hujawahi kuipiga ukatoka wewe?"

Matarumbeta yakanyamaza. Mtu akagonga mlango, akaita mteule na mpokezi wake wajipange. Blandina alisogea, akainama, karibu amnyooshee mkono amwinue. Mkono ukafika katikati. Ukarudi.

"Nitakuwa nakuja kukuona," akasema.

"Na keki?" Tusa akauliza, akajiinua mwenyewe kwa kushika bomba la ukutani.

* * *

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mstari wa mbele alikaa mama yake Blandina, mwanamke mfupi wa Ludewa mwenye kilemba cha kijani, amekumbatia mkoba, anatabasamia hata viti. Wateule wa vitivo vyote walisimama jukwaani kwa mstari, majoho mekundu, glavu nyeupe. Ngazi ya chini walisimama wapokezi wao wakiwa na nguo zao za kawaida. Mmoja alikuwa anasinzia akiwa wima na jirani yake amemshika kiuno kwa siri. Taa za jukwaani zilikuwa kali, za kuchoma, na juu yake ilizunguka kamera ya Oska ikirusha kila kitu kwenye ukuta mkubwa.

"Mteule wa Wateule!" mshereheshaji akapaza sauti. "Kutoka Kitivo cha Kilimo! Binti asiyechoka! Blandina Haule!"

Vigelegele. Mama akasimama, akaketi, akasimama tena. Blandina akapita mbele, akafika ukingoni mwa jukwaa, akainamisha mkono kuelekea ngazi ya chini. Mkuu wa Chuo alikuwa ameshaweka kidole juu ya kitufe.

Tusa hakuushika mkono. Alishika ncha ya glavu, ile ya kidole cha kati, kwa vidole viwili. Akavuta.

Alivuta polepole kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kuvuta. Kitambaa kilitoka kidogo, kikakwama kwenye fundo la dole gumba. Blandina angeweza kuuondoa mkono wake. Muda ulikuwepo, wa kutosha kabisa. Hata mtoto angeweza kumshinda Tusa nguvu asubuhi ile. Angeuvuta tu nyuma, ukumbi usingejua, kidole kingebonyeza, na mwakani viazi vingegawiwa. Walitazamana. Tusa aliona macho yale yasiyochoka yakiipiga ile hesabu upya, kuanzia mwanzo, kwa haraka ile ile ya siku zote. Safari hii yalichelewa kupata jibu.

Hakuuvuta.

Glavu ikaanguka. Kiganja kikakutana na kiganja.

"Mstari wa mwisho," Blandina akanong'ona. "Usimwagiwe asubuhi. Jioni tu."

"Sawa."

"Nitalala mpaka lini?"

"Mpaka utosheke."

Pakapata joto.

Uchovu ulitoka kinyume na ulivyoingia. Kwanza ukatoka wa juzi, wa kukariri hotuba. Ukafuata wa majaribio ya mwisho, wa macho kwenye darubini, wa mitihani ambayo Blandina aliifanya akicheka. Miaka ikashuka mmoja mmoja kama magunia yanavyoshushwa kwenye lori, mpaka chini kabisa, mpaka ule mwembamba wa kwanza, wa msichana anayetoka kwenye kitalu akiyumba. Kisha ukaisha. Tusa akabaki na kitu kidogo, kikavu, miguuni. Akakishangaa. Ulikuwa uchovu wa kusimama. Alijua ulikotoka: ngazi hii, asubuhi hii. Ulikuwa wake.

Alimdaka Blandina kabla hajagonga mbao. Alimdaka kwa mikono yenye nguvu, ikamshtua mwenyewe, akamlaza taratibu pale pale jukwaani, kichwa kwenye mapaja yake.

"Amezimia!" Mwinuka alishakuwa kwenye kipaza sauti. "Msiwe na wasiwasi, ndugu wageni, mwenzetu amezimia kwa furaha..."

Lakini ukutani, mkubwa kama nyumba, ulionekana mkono mtupu na glavu iliyoanguka kando yake. Oska alikuwa ameishusha kamera. Hakuiondoa hapo. Minong'ono ikaanza nyuma ikaja mbele, na wapokezi kwenye ngazi ya chini wakageuka, mmoja baada ya mwingine, kuitazama mikono ya wateule wao.

Halafu likatokea jambo ambalo Tusa hakulitegemea, ingawa alipaswa kulitegemea kuliko mtu mwingine yeyote. Kijana wa mwaka wa kwanza akasimama. "Mimi nitampokea!" akasema. Msichana nyuma yake naye akasimama. "Na mimi!" "Tugawane jamani, asibebe mtu mmoja!" Wakasimama safu nzima, viganja juu, plasta zao bado mpya, nyuso zimejaa upendo. Walikuwa wanakuja jukwaani. Walikuwa wamekuzwa vizuri, wote.

"Mnaona!" Mwinuka alikuwa karibu kulia. "Mnaona moyo wa vijana wetu! Leteni, leteni mikono, ataamka sasa hivi, Nishani itavishwa..."

Na ingewezekana. Wakigawana mia, kila mmoja angechukua kidogo sana, kama kubeba funguo. Blandina angefumbua macho. Kitalu kingepona. Tusa aliliona lile, zima, linang'aa, na akamwona baba yake mlangoni na jembe safi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka alikuwa na akili ya kutosha ya kuona mbali. Akaona kila mmoja wa wale mia akizeeka na kipande chake, kidogo, kisichofagilika, mpaka kaburini. Akaona mwakani wengine mia.

Akasimama mbele ya Blandina.

"Rudini mkakae," akasema. Hakupaza sauti. Sauti ilitoka yenyewe, ya kwake, hakuwa ameisikia siku nyingi. "Nawaomba. Nyie mkiuchukua hauishi. Mnausambaza tu. Akilala yeye, unaisha. Hakuna njia nyingine ya kuumaliza."

"Na viazi?" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na njaa.

"Sijui," Tusa akasema. "Hata kwetu hakuna. Nitakwenda kukaa mlangoni pa kitalu, atakayekuja na fagio atanikuta. Zaidi ya hapo sijui."

"Huruhusiwi hata kuingia kule," Mwinuka akamwambia pembeni, chini chini. "Huna Nishani."

"Basi nitakaa nje, Daktari. Sasa naweza kukaa macho."

Watu hawakukaa, hawakuja. Walisimama na viganja vyao hewani, hawajui waviweke wapi. Katikati yao akapita mama wa kilemba cha kijani. Akapanda ngazi akishikilia goti. Akafika, akainama.

"Mmemfanya nini mwanangu?"

"Amechoka, mama. Amelala."

"Blandina hachoki," mama akasema, haraka, kwa fahari, kama alivyokuwa akiwaambia majirani miaka yote. Kisha akatazama. Mdomo wa binti yake ulikuwa wazi kidogo. Mkono mmoja ulikuwa umekunjwa chini ya shavu. Alikuwa anakoroma kwa mbali, kikoromo cha mtoto mwenye mafua. Mama akamtazama Tusa, kwa muda mrefu, na Tusa hakuteremsha macho, kwa kuwa alikuwa tayari kupigwa.

Mama akaketi kwenye mbao. Akaanza kumfungua mwanawe kamba za viatu.

"Likizo zote alizokuja sijamwona amelala," akasema, hakumwambia mtu. "Nilikuwa naamka usiku namkuta amesimama jikoni. Nasema, mtoto amebarikiwa huyu." Akavua kiatu, akakiweka kando. Akavua cha pili. Akafungua kitenge chake cha juu, kile kipya, akakikung'uta, akamfunika.

"Mama Haule, samahani," Mwinuka akasema, "tunaomba tumsogeze. Ratiba bado ina wateule wengine, Mkuu wa Chuo anasubiri..."

"Asubiri," mama akasema. Akaziba uso wa binti yake kwa kiganja, kumkinga na mwanga. "Na hizo taa zizimeni. Hamwoni mtu amelala?"